Angela wa Jamestown: utumwa ulianzaje hasa, na tunafundishwa nini tukienda pale

Mwanangu yuko darasa la nne, na huku Virginia darasa la nne ndo wanasoma historia ya jimbo, kwa hiyo mwaka huu nyumbani kwetu ni Jamestown, tumbaku na Pocahontas, yule binti wa Kipowhatan, asubuhi mpaka jioni. Siku moja akaja na karatasi ya kazi ya nyumbani, swali mojawapo linauliza utumwa ulianza lini Virginia. Nafasi ya kujibu mstari mmoja, mfupi. Akaandika 1619, akafunga begi, akaenda kucheza. Mimi nikabaki na ile karatasi mezani nimeishika.

Jibu si kosa, mwalimu atampa alama zake. Lakini nilijiuliza hivi: mtu akisema utumwa "ulianza" 1619 ni kama anasema mvua ilianza saa nane, yaani hamna aliyeianzisha, imekuja tu na upepo. Jumamosi nikamwambia tupande gari twende tukaone wenyewe. Ninachoandika hapa ni kisa cha mtu mmoja ambaye pale Jamestown wamempa sehemu yake, mwanamke anaitwa Angela, na jinsi yale maeneo yanavyomweleza, wapi wamefanya vizuri sana na wapi naona kuna shimo.

Kwanza ujue ni sehemu tatu, watu wengi wanazichanganya. Kuna kisiwa chenyewe, Historic Jamestowne, ambako Waingereza wa Virginia Company, kampuni ya biashara iliyoanzisha koloni, walishuka Mei 1607 wakajenga boma la magogo. Miaka mingi watu waliamini lile boma limeshaliwa na mto, mpaka mwanaakiolojia William Kelso alipoanza kuchimba 1994 akakuta nyayo zake bado ziko ardhini. Alafu jirani kuna Jamestown Settlement, hiyo ni makumbusho ya jimbo, boma na meli ni za kujengwa upya, ilifunguliwa 1957 kwenye sherehe za kutimiza miaka 350. Ya tatu ni Point Comfort, mdomoni mwa bahari huko Hampton, kama saa moja kwa gari, siku hizi panaitwa Fort Monroe. Angela yuko kwenye sehemu zote tatu kwa namna yake, na hakuna hata moja inayokupa kisa chake kizima.

Tuanze na karatasi, maana Angela tunamjua kwa karatasi tu.

Mwaka 1625 koloni ilihesabu watu na mali, nyumba kwa nyumba, watu, bunduki, mahindi, mbuzi. Kwa Kapteni William Pierce pale Jamestown wameandikwa wanaomtumikia, wanne. Thomas Smith, miaka 17, kaja na meli Abigail. Henry Bradford, miaka 35, Abigail hiyohiyo. Ester Ederife, mtumishi wa kike, kaja na Jonathan. Wa mwisho ni "Angelo, mwanamke Mweusi, wa meli Treasurer". Basi, imeisha.

Isome tena polepole. Ester naye umri hana, nakubali, lakini jina la ukoo analo. Angela hana umri, hana jina la ukoo, na hilo jina moja alilobaki nalo, la Kireno, la ubatizo, mwandishi kaliandika kwa tahajia ya kiume. Na huyo ana bahati kuliko wenzake. Kwenye hesabu hiyohiyo, kwa Sir George Yeardley imeandikwa wanaume Weusi 3, wanawake Weusi 5, bila jina hata moja, vilevile wanavyohesabiwa ng'ombe.

Sasa alifikaje pale. Hapa ndo naomba msomaji wa Kiswahili akae vizuri, kwa sababu kisa hakianzii Virginia, kinaanzia kwa jamaa zetu wa lugha. Kati ya 1618 na 1620 gavana Mreno wa Angola, Luís Mendes de Vasconcelos, aliushambulia ufalme wa Ndongo akishirikiana na vikosi vya wapiganaji wa Kiafrika walioitwa Imbangala, wakapiga mpaka mji mkuu, Kabasa, na maelfu ya watu wakakamatwa wakaswagwa mpaka bandari ya Luanda. Watawala wa Ndongo cheo chao kilikuwa ngola, na Angola imetoka humo. Watu wenyewe walisema Kimbundu. Mtu kwao ni mutu, ng'ombe ni ngombe, mtoto ni mona, na wakihesabu wakifika tatu wanasema tatu. Nilipomwambia mwanangu hili ndani ya gari alinyamaza kidogo, akasema kwa hiyo mama wangeelewa nikihesabu? Nikamwambia wangeelewa baadhi, ndiyo.

Meli ya Kireno São João Bautista ilipakia Luanda watu wapatao 350 kuwapeleka Veracruz, Mexico. Njiani walikufa wengi, Jamaica wakauzwa wavulana 24, alafu ndani ya Ghuba ya Mexico meli mbili za Kiingereza zilizokuwa zinapora baharini kwa vibali, White Lion na Treasurer, zikaivamia zikachukua watu 50 au 60 hivi. Veracruz walifika 147. Fanya hesabu mwenyewe. Mwishoni mwa Agosti 1619 White Lion ikatia nanga Point Comfort, siku chache baadaye ikaja Treasurer, na ndo meli ambayo karatasi inasema ilimleta Angela.

Hii habari ya meli ya Kireno haikujulikana mpaka 1997, mwanahistoria Engel Sluiter alipoikuta kwenye kumbukumbu za Wahispania, na mwaka uliofuata John Thornton akaonyesha inavyoungana na vita vya Ndongo. Kabla ya hapo vitabu vingi viliwaanzishia hawa watu baharini, kama vile wamezaliwa ndani ya ile meli. Hapa nayasifu haya maeneo kwa moyo wote, maana yameisikia kazi ya wanahistoria. Jamestown Settlement ukiingia kwenye maonyesho ya ndani unakutana na watu wa aina tatu, Wapowhatan wenye nchi yao, Waingereza, na watu wa Ndongo, kila mmoja na mji wake, kazi zake, dini yake, kabla hawajakutana. Mtoto anajua kwamba aliyekamatwa alikuwa mtu wa mahali fulani. Ni jambo kubwa sana hili. Unatiwa utumwani, huzaliwi mtumwa wa asili, na pale linaonekana kwa macho.

Lakini ukitoka nje kwenda kwenye maji unakuta meli tatu za 1607 zimejengwa upya, Susan Constant, Godspeed na Discovery, watoto wanapanda juu, wanashika kamba, wanachungulia chini wanaona jinsi walowezi walivyobanana. White Lion hamna. Kwa hiyo safari ya mlowezi mtoto anaishika kwa mkono na safari ya Angela anaisoma ukutani. Sisemi wajenge meli ya watumwa watoto wakachezee, hapana, Mungu aepushe. Nasema kile kinachoguswa ndicho mtoto anachorudi nacho nyumbani, na wangu siku nzima alikuwa anaongelea kamba.

Turudi kwenye neno lililonipeleka, "ulianza". Ushahidi wa siku ile ni barua ya John Rolfe, huyohuyo mume wa Pocahontas na mtu wa tumbaku, aliyomwandikia Sir Edwin Sandys, kiongozi wa Virginia Company huko London, Januari 1620. Anasema mwishoni mwa Agosti ilikuja manowari ya Waholanzi, nahodha wake Jope, haikuleta kitu isipokuwa Weusi "20 na ushee", ambao gavana na mkuu wa ghala la kampuni waliwanunua kwa chakula, na kwamba nahodha alidai ana shida kubwa ya hicho chakula, nao wakawapata kwa bei nzuri na nafuu kabisa waliyoweza.

Tazama sentensi ilivyo na watu ndani. Kuna gavana, kuna mkuu wa ghala, kuna bei, kuna kubishana bei. Gavana ni George Yeardley, mkuu wa ghala ni Abraham Peirsey. Lakini kilichotoka kwenye barua kikaingia vitabuni na kwenye vibao kwa vizazi na vizazi ni "meli ya Waholanzi ilileta Waafrika 20 Jamestown". Makosa mawili kwa mpigo. White Lion ilikuwa ya Waingereza, nahodha Mwingereza, ila ilitumia kibali cha Kiholanzi, kwa hiyo lawama ikasafirishwa Uholanzi. Na meli haikushusha Jamestown, ilishusha Point Comfort. Kibao cha jimbo kilichopo sasa Fort Monroe kimeyasahihisha yote mawili, kinasema White Lion, Waingereza, kinasema maofisa wa koloni walitoa chakula wakapewa watu. Kwa kibao ni kazi nzuri. Watu wa Hampton walilisukuma hili miaka mingi mpaka likakubaliwa.

Kwa Kiswahili jambo hili linakaa kwenye kitenzi, na niliona wazi nilipojaribu kumsimulia mama yangu kwa simu jioni. Nikisema Waafrika *waliwasili* nimewafanya wageni. Nikisema *waliletwa* kuna mtu kawaleta, lakini yuko baharini, hatumjui. Nikisema *walinunuliwa*, hapo mama akaniuliza palepale, na nani? Kitenzi kimoja tu na swali lote linageuka. Kwa hiyo nikamtajia Yeardley, na ndo tukafika kwenye lile shimo ninalolisema.

Kule kisiwani kuna kanisa, na ndani ya kanisa la mahali pale, tarehe 30 Julai 1619, lilikaa baraza la kwanza la wawakilishi la Waingereza huku Amerika. Ni fahari kubwa ya Virginia, na kihistoria ni kweli, ni tukio zito. Aliyeliitisha ni gavana Yeardley. Mwezi mmoja baadaye, gavana huyohuyo ananunua watu kwa chakula. Kutoka kanisani mpaka kiwanja cha Angela, yaani ilipokuwa nyumba ya Pierce, unatembea dakika chache tu, tulitembea. Habari zote mbili zipo, hazijafichwa, lakini siku ile sisi tulizipata kama habari mbili, hii ya demokrasia hapa, ile ya utumwa pale, mgeni aziunganishe mwenyewe akitaka. Na ni habari moja! Ni mwaka mmoja, serikali moja, mtu mmoja. Mwanangu yeye hakuunganisha, na mtoto wa miaka tisa usimlaumu. Kama ni mimi ningeweka jina la Yeardley kwenye vibao vyote viwili kwa herufi za ukubwa uleule.

Pale kwa Angela penyewe panagusa. Uchimbaji ulianza 2017, hifadhi ya taifa na wanaakiolojia wa Jamestown kwa pamoja, na mimi nilitegemea kuona kitu chake, shanga, kijiko, chochote. Hamna kitu ambacho mtu anaweza kukishika akasema hiki kilikuwa cha Angela. Kuna udongo na mistari ya nyumba. Nilisimama pale nikakumbuka habari moja ya yule mama mwenye nyumba, Joan, mke wa Pierce. Kapteni John Smith alimtaja kwenye maandishi yake, kwamba ni mama mchapakazi, ana bustani Jamestown ya ekari tatu au nne, na mwaka mmoja alivuna karibu vikapu vikubwa mia moja vya tini nzuri kabisa. Vikapu mia vya tini, mama mmoja? Aliyevuna ni nani, aliyekausha ni nani, aliyebeba ni nani? Siwezi kusema ni Angela, sina karatasi. Ila nyumba ile kwenye hesabu ya 1625 ilikuwa na mikono minane ya watumishi, na miwili ilikuwa yake. Na kitu kingine, binti ya Pierce, Jane, aliolewa na John Rolfe. Aliyeandika barua ya "20 na ushee" alikuwa mkwe wa nyumba hii. Akija kwa wakwe akiketi mezani, huenda Angela alikuwa humohumo ndani, ingawa hapo pia sina karatasi.

Mambo kama haya ndo ningetaka mtoto ayapate pale, maana asili ya utumwa iko hapo, katika chakula cha mchana cha watu wanaofahamiana, na si bandarini tu.

Sasa kuna ubishi mkubwa ambao waongozaji wanauingia kwa uangalifu, na nawaelewa: hawa wa kwanza walikuwa watumwa au watumishi wa mkataba kama akina Thomas Smith? Sisi lugha yetu inauweka ubishi huu mahali pazuri, kwa sababu mtumwa na mtumishi yote yametoka kwenye kutuma. Mtumishi anatumika, mtumwa anatumwa. Mwaka 1625 wote wanne kwa Pierce wanatumwa. Tofauti ni kwamba Thomas Smith ana mwisho wa kutumwa. Mkataba unaisha. Wa Angela haukuwepo, alikuwa nyara ya meli iliyouzwa. Lakini ni kweli pia kwamba sheria ya utumwa Virginia siku hiyo haikuwepo, na wengine walipenya. Mwafrika Antonio aliyekuja 1621 akawa Anthony Johnson, akawa huru, na 1651 akapata ekari 250.

Huo mlango uliachwa wazi kidogo, alafu ukafungwa, na kila bawaba tunaijua tarehe yake. 1640, watumishi watatu wanatoroka wanakamatwa, Mholanzi, Mskoti, na Mwafrika John Punch. Wazungu wawili wanaongezewa miaka minne kila mmoja, Punch anaambiwa atatumika maisha yake yote. Kosa lilelile, siku ileile, mahakama ileile. 1656, Elizabeth Key, baba Mwingereza, mama Mwafrika, anashinda kesi ya uhuru wake. 1662 baraza linapitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama, na wakati sheria ya Kiingereza ilikuwa inamfuata baba. Ina maana gani? Ina maana bwana akimzalisha mwanamke aliyemmiliki, mtoto wake wa damu ni mali yake. 1667 wakaongeza kwamba ubatizo haumwachii mtu huru. 1705 wakazikusanya sheria zote pamoja. Na hili baraza ni mtoto wa lilelile la kanisani la 1619.

Hapa ndo tatizo la mahali pa kihistoria kama pa kufundishia asili ya utumwa. Boma linachimbuliwa, mifupa inachimbuliwa, sheria haichimbuliki. Huwezi kumsimamisha mtoto mbele ya mwaka 1662 ukamwambia angalia. Kwa hiyo meli, ambayo angalau unaweza kuichora, inabeba kisa chote, na 1619 inabeba mzigo wa miaka 86 peke yake.

Inawezekana kufanya tofauti? Watu wameshajaribu jirani hapo. Oktoba 1994, Colonial Williamsburg, makumbusho ya mji wa kale, waliigiza mnada wa watumwa hadharani, na mashirika ya haki za Weusi yalikuja kupinga, kwa haki kabisa, waliogopa maumivu yatageuzwa burudani. Aliyeuongoza, Christy Coleman, mwenyewe mwanamke Mweusi, alisimama pia kama mmoja wa wanaouzwa. Baadhi ya waliokuja kupinga walibadili mawazo baada ya kuona. Mwaka 2020 huyo mama akawa mkuu wa taasisi inayoendesha Jamestown Settlement. Sipendekezi mnada uigizwe tena. Ila nawaza mtu asimame pale kanisani asome hukumu ya 1640, majina matatu na adhabu tatu, alafu anyamaze. Inachukua dakika mbili na haihitaji meli.

Jioni tulikwenda Point Comfort. Ni ufukwe, watu wanavua samaki, kuna ngome kubwa ya mawe iliyoanza kujengwa 1819, miaka 200 kamili baada ya White Lion, na watumwa walikuwemo katika ujenzi. Mei 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza, wanaume watatu waliokuwa watumwa, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walikimbilia humohumo usiku kwa mashua, na jenerali Butler wa jeshi la Kaskazini akakataa kuwarudisha. Rais Obama aliitangaza ngome hiyo kuwa hifadhi ya taifa 2011. Mwanangu alisoma kibao chote kwa sauti, alipofika kwenye chakula akasimama, akauliza, mama, chakula gani? Barua haisemi, labda mahindi. Akaniuliza tena, Angela alikuwa na mtoto? Baada ya 1625 hatajwi tena popote, nikamwambia hatujui, lakini kuna mtoto mwingine tunayemjua.

Kwenye hesabu hiyohiyo, upande huu wa Hampton, kwa Kapteni William Tucker, wameandikwa Antoney, Isabell, "na William mtoto wao, amebatizwa". Hapo Hampton kuna ukoo wa Weusi wanaitwa Tucker, wanasema kwa masimulizi ya wazee wao kwamba wametoka kwa huyo William. Karatasi ya kuunganisha vizazi vyote hawana. Wana makaburi, kiwanja kidogo katikati ya nyumba za watu, wanakifyeka na kukitunza wenyewe, na rada ya kupima ardhi ilionyesha humo makaburi zaidi ya 100 yasiyo na alama.

Tulifika giza linaingia, hatukukaa sana. Nyumbani alifungua begi akatoa ile karatasi, 1619 akaiacha palepale, akageuza upande wa nyuma akaanza kuandika, na aliniita mara mbili kuniuliza Yeardley inaandikwaje.